Maswali ya Wasomaji: Mkemia wa Ubora na Lori la Mahindi

Tulipoeleza katika toleo lililopita jinsi maabara ya kiwanda cha unga inavyofanya kazi, barua zilikuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Nimechagua nne. Nimefanya kazi ya udhibiti wa ubora katika viwanda vya nafaka kwa miaka 16, na ninajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe mezani na ghalani.

Swali: Mimi ni mtunza ghala katika kiwanda cha sembe. Lori likifika saa mbili asubuhi, mkemia wetu huchukua sampuli na kuingia nazo maabara, na ruhusa ya kushusha mzigo hutoka karibu na adhuhuri. Dereva ananilaumu mimi, na wapagazi wanakaa bure. Kipima unyevu kinatoa jibu mara moja. Kwa nini hakitoshi? *Mtunza ghala, Dodoma*

Jibu: Kaka, kipima unyevu kinajibu swali moja tu, kwamba mahindi hayo yakilazwa ghalani yatakaa bila kuota kuvu au la, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yaliyonyeshewa yakiwa shambani, yakapata kuvu, kisha yakaanikwa vizuri juani, yatapita kwenye kipimo hicho bila shida yoyote huku sumukuvu ikiwa imekwisha kuingia ndani ya punje. Kuvu yenyewe inaweza kufa, lakini sumu iliyoiacha hubaki, na moto wa kusongea ugali hauimalizi.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa na binadamu ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote, yaani sumukuvu tunayoizungumzia, kwa kilo moja, na kati ya hizo aina ya B1 isizidi 5. Katika lori la tani 30, maikrogramu 10 kwa kilo ni gramu 0.3 kwa mzigo mzima, kiasi kisichofikia hata dawa iliyomo katika kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500. Kitu hicho kidogo ndicho mkemia wenu anachokitafuta wakati dereva anapiga honi.

Kazi inaanza na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia na kutolea punje. Lazima achome magunia mengi, ya juu, ya katikati na ya chini, kisha akusanye kilo kadhaa, azisage zote, auchanganye unga huo na kuugawa hadi apate sehemu ndogo inayowakilisha mzigo. Hapo ndipo anapopima gramu 20, anazitia katika mililita 100 za mchanganyiko wa methanoli na maji, anatikisa, anachuja. Matone ya maji yale yaliyochujwa huingia kwenye visima vidogo vya sahani ya plastiki pamoja na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, husubiri, huoshwa mara kadhaa, husubiri tena, na mwishoni rangi ya buluu hutokea, kisha ikiongezwa asidi ya kusimamisha hugeuka kuwa ya manjano. Wengi hawajui kwamba katika kipimo hiki rangi iliyokolea ndiyo habari njema. Kisima kikipauka, sumu ni nyingi. Nimewahi kusimama mbele ya sahani yenye kisima kimoja cheupe kati ya majirani wa manjano, na kabla mashine haijasoma nilikwisha kujua kwamba lori lile halitashusha.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Huo ni mkoa wako, kaka. Ninakushauri mambo mawili ya kupunguza usumbufu. Waombe wauzaji watoe taarifa jioni ya siku iliyotangulia ili maabara iandae vitendanishi mapema, na unyevu upimwe kwanza pale getini, ili lori lililolowa lirudishwe papo hapo bila kula muda wa wengine.

Swali: Binti yangu ameajiriwa kama mkemia katika kiwanda, na ameniambia kwamba anashughulika na sumu inayoleta saratani ya ini. Sasa ni mjamzito. Je, nimwambie aache kazi? *Mzee, Iringa*

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako ni ya haki, kwa kuwa aflatoksini imo katika kundi la kwanza la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hata hivyo, kuacha kazi si hatua ya kwanza. Hatua ya kwanza ni binti amjulishe mkuu wake wa maabara mapema, hata kama mimba bado ni changa, na aombe mtu mwingine achukue kazi tatu: kuandaa miyeyusho ya sumu halisi inayotumika kusawazishia vipimo, kumimina methanoli, na kusaga sampuli, maana vumbi la mahindi mabovu huingia mapafuni. Ukaguzi wa kumbukumbu, vipimo vya uzito na usimamizi wa vyeti ni kazi za kikemia kamili, na mkuu mwenye utu atampangia hizo bila kumpunguzia heshima. Amwambie na daktari wa kliniki anafanya kazi gani.

Kwa wenzake wote, glavu, barakoa na kabati la kuvuta hewa visiwe vya siku ya ukaguzi tu. Vyombo vilivyogusa sumu hulowekwa katika maji ya klorini, yale yale ya kufulia nguo nyeupe. Lakini ile asidi ya kusimamisha rangi isimiminwe kamwe katika ndoo hiyo, kwa sababu asidi na klorini vikikutana hutoa gesi inayochoma koo na mapafu.

Swali: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Nisome nini ili niwe mkemia wa ubora? *Mwanafunzi, Mbeya*

Jibu: Mwanangu, shahada ya kemia au ya sayansi ya chakula zote zinafika huko, na stashahada ya teknolojia ya maabara pia inafungua mlango. Chuoni utafundishwa kemia. Jizoeze mwenyewe kuandika kila tarakimu papo hapo kwa kalamu ya wino, na ukikosea kukata kwa mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, ukaweka sahihi na tarehe pembeni.

Swali: Nina miezi sita kazini. Juzi lori moja lilinipa maikrogramu 14 kwa kilo. Meneja wa uzalishaji aliniagiza nirudie, nikachota sampuli nyingine, nikapata 7. Akasema niandike 7 na ile 14 niichane, kwa kuwa "kipimo cha kwanza kilikosea". Niliandika 7. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. *Mkemia, jina limehifadhiwa*

Jibu: Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nitaanza na kemia, kwa sababu ndiyo itakayokupa nguvu ya kusimama mbele ya meneja.

Inawezekana kabisa kwamba 14 na 7 zote ni za kweli. Sumukuvu haikusambaa katika mzigo kama chumvi katika mchuzi. Imejikusanya katika punje chache, na zimewahi kupimwa punje za mahindi zenye zaidi ya maikrogramu 400,000 kwa kilo. Chukua punje moja ya namna hiyo, yenye uzito wa gramu 0.3, uitie katika sampuli ya kilo tano iliyo safi kabisa: sampuli nzima itasoma 24. Sampuli ya pili ambayo haikubahatika kuikuta punje hiyo itasoma sifuri. Kwa hiyo namba ndogo haifuti namba kubwa. Inakueleza tu kwamba mkono wako wa pili ulipita mahali pengine.

Nami nililijua hilo kwa gharama. Katika mwaka wangu wa tatu nilichoma magunia ya nyuma ya lori peke yake, kwa kuwa yalikuwa karibu na mvua ilikuwa inakuja. Nikapata 4, nikasaini. Turubai lilikuwa limechanika upande wa mbele, kwenye kichwa cha gari, na magunia ya huko yalikuwa yamelowa safarini kwa siku kadhaa. Unga uliotokana na mzigo ule ulisoma 19. Tuliuzuia ukiwa bado ghalani, lakini nilihesabu mifuko ile mmoja mmoja, na kila mfuko niliuona kama uko tayari mezani kwa mtu.

Utaratibu ulio sahihi ni huu. Namba ikivuka kiwango, kwanza unachunguza maabara yako: sampuli ya udhibiti, ile ambayo kiasi chake cha sumu kinajulikana, ilisoma ndani ya mipaka yake? Mstari wa usawazishaji, ule unaogeuza rangi kuwa namba, ulikuwa sawa? Pipeti imehakikiwa? Ukipata kosa, unaliandika lilivyo, na hapo ndipo kipimo cha kwanza kinabatilishwa. Usipolipata, 14 inabaki. Mzigo unawekewa alama ya kuzuiwa, na sampuli mpya inachukuliwa kutoka lori zima, kwa idadi ya magunia na kanuni ya uamuzi zilizoandikwa kabla ya kupima, si baada ya kuona jibu. Matokeo yote yanabaki kitabuni. Na anayeamua ni mkuu wa ubora, kwa kuwa meneja wa uzalishaji anadaiwa tani, na si haki kumpa mtu mmoja mizani na deni kwa pamoja.

Sasa, kuhusu juzi. Karatasi ya 14 kama hukuichana, ibandike kitabuni leo. Kama uliichana, mashine nyingi za kusomea huhifadhi kumbukumbu, basi itafute humo. Andika maelezo yako yenye tarehe ya leo, usirudishe tarehe nyuma, ukieleza vipimo vyote viwili na agizo ulilopewa, kisha umkabidhi mkuu wa ubora mkononi na ubaki na nakala. Uliza mahindi yale yako wapi. Kama yamesagwa, taja namba za bechi ili unga wake uzuiwe na upimwe, na kama umekwisha kutoka, kiwanda kinapaswa kuurudisha kutoka madukani na kulijulisha Shirika la Viwango. Kama mkuu wa ubora naye atakataa kukusikiliza, shirika hilo lina ofisi za kanda, nawe unaweza kwenda mwenyewe.

Usingoje Jumatatu. Sembe haikai dukani muda mrefu.