Maswali ya Wafugaji: Paka Mzito wa Kibokoni, Mbwa Anayehema wa Nyali

Assalam aleikum. Tuna paka dume aliyehasiwa, umri wake miaka 6, uzito kilo 6.8. Bakuli lake la chakula kikavu halikauki, na watoto humpa samaki tukila. Jirani atwambia tumnyime chakula siku tatu, mwili utapungua. Ni sawa? – Bi S., Kibokoni

Waaleikum salaam, Bi S. Msimnyime, hata siku mbili. Paka mnene akikaa bila kula, mwili hupeleka mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia, nalo huzidiwa. Dalili zake ni kutapika, kutokwa na mate, na ufizi na ndani ya masikio kugeuka manjano. Asipotibiwa hufa. Paka hupunguzwa mwili huku anakula, ila kwa kipimo.

Tuseme uzito unaomfaa ni kilo 5. Daktari wa mifugo atahakikisha akimshika. Kwa lengo hilo anahitaji kalori 190 hivi kwa siku. Vyakula vingi vikavu vina kalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100 (someni pakiti yenu), kwa hiyo haki yake ni kama gramu 50, kutwa nzima. Tumieni mizani ya jikoni. Kikombe hudanganya: leo kimepigwa mfuto, kesho kimejaa pomoni, na kwa mnyama mdogo tofauti hiyo ndiyo unene wenyewe.

Wiki ya kwanza msipunguze kitu, pimeni tu anachokula sasa. Kisha shukeni kidogo kidogo kwa siku kumi, mkigawa chakula cha kila siku mara nne. Nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa, huko kwenu Kibokoni, hazikosi ngazi, basi mlo mmoja uwekeni chini na mwingine juu, aupandie. Ikiwa mnachotoa sasa ni kingi mno kuliko gramu 50, mwulizeni daktari kuhusu chakula maalumu cha kupunguza uzito. Chakula cha kawaida kikikatwa sana, protini na vitamini hukatika pamoja na kalori.

Samaki hana ubaya, ubaya uko kwenye karai. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kalori 40, zaidi ya moja ya tano ya chakula chake cha siku. Samaki wa kupaka asionje kabisa, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Watoto wakitaka kumpa, chemsheni samaki aina ya changu bila chumvi, toeni miba yote, wampe gramu 15, nanyi mtoe gramu 5 kwenye chakula kikavu cha siku hiyo. Halafu kuna mlo msiouona, wa barazani. Mpango mzuri kabisa huharibiwa na vichwa vya samaki vya jirani mwenye huruma. Waambieni majirani wote, na wakati wa chakula cha jioni paka akae ndani.

Apungue gramu 35 hadi 70 kwa wiki. Mizani ya kusimamia watu haioni uzito huo. Mtieni kwenye kapu, mlipime kwa mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, kisha mtoe uzito wa kapu. Kila wiki mbili yatosha. Akipungua zaidi ya gramu 130 kwa wiki, mwongezeeni chakula. Kazi yenyewe ni ya nusu mwaka hadi mwaka. Na siku akisusa chakula kutwa nzima, mrudishieni alichozoea. Akiendelea kususa siku ya pili, mpelekeni kwa daktari.

Mbwa wetu wa aina ya Labrador ana kilo 34, anakula sima na mapupu, na akitembea kidogo tu anahema. Tumkimbize ufuoni kila siku? – Bwana K., Nyali

Bwana K., usimkimbize kwanza. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na unyevu wa hewa ya Mombasa huzuia joto kutoka; mafuta mwilini hulifungia ndani zaidi. Mtembeze kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, dakika 10 kila mara, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami kwa sekunde saba: ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Akihema bila kutulia, ufizi ukawa mwekundu sana au akapepesuka, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, na umkimbize kwa daktari huku mkiendelea kumpoza.

Chakula ndicho kitakachompunguza. Kwa lengo la kilo 28 anahitaji kalori 850 hivi kwa siku, na gramu 100 za unga wa mahindi peke yake zina kalori 360 hivi. Punguza sima, weka boga au maharagwe machanga ya maganda (french beans) yaliyochemshwa ashibe. Lakini sima na mapupu havina kalisiamu ya kutosha, kwa hiyo daktari aupange mlo wote, au uhamie chakula cha pakiti kilichopimwa. Apungue gramu 340 hadi 680 kwa wiki. Akila kwa kipimo miezi miwili bila kupungua, aombewe kipimo cha damu cha thairoidi, tezi ya shingoni inayoongoza mwili unavyotumia chakula.

Faida yake si ndogo. Utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi.

Nitajuaje ni unene au ni manyoya tu? – Msomaji, Likoni

Pitisha vidole ubavuni bila kubonyeza. Mbavu zikisikika kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako, uzito uko sawa. Ukilazimika kubonyeza ndipo uzipate, amenenepa. Kisha mtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu kiuno kionekane kimeingia ndani. Ngozi inayoning'inia tumboni kwa paka ni ya kawaida ikiwa nyembamba. Ikijaa na kuwa nzito mkononi, hayo ni mafuta.