Kabla Hujajenga Juu ya Potali, Hesabu Vipande

Kitufe kimoja kiliwahi kunimalizia siku tatu. Kiliandikwa "Tuma", na mtumiaji akikibonyeza, inayoondoka si fomu ya likizo aliyoijaza bali fomu ya utafutaji iliyokaa upande wa pili wa ukurasa. Fomu yangu ikiwa peke yake haikuwa na tatizo lolote. Ikiingia ndani ya potali, yaani tovuti inayokusanya programu ndogondogo kwenye ukurasa mmoja, balaa.

Chanzo kilikuwa kidogo hadi nikaona haya. Kwenye potali, ukurasa si wako. Wewe unaandika potleti, yaani kipande cha programu, kisha potali inakusanya vipande vya watu mbalimbali na kuvipanga pamoja. Mimi na mwenzangu wa timu nyingine tulikuwa tumevipa vitufe vyetu kitambulisho kilekile, na msimbo wangu wa JavaScript ukashika cha kwanza ulichokikuta. Dawa ipo ndani ya kiwango chenyewe cha potleti za Java: unaiomba potali kiambishi cha pekee, unakitanguliza kwenye kila kitambulisho. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikayapuuza.

Wanaoniuliza kama wajenge juu ya potali, Liferay kwa mfano, mara nyingi wameshavutiwa na vile vinavyokuja tayari: mtumiaji kuingia mara moja tu, ruhusa, usimamizi wa maudhui. Vipo kweli, na kuviandika mwenyewe ni kazi ya miezi. Mimi huwauliza kwanza: ukurasa mmoja utabeba vipande vingapi vinavyojitegemea, na vitaandikwa na timu ngapi?

Kama ni kipande kimoja na timu moja, achana nayo. Nimeshaona programu nzima imesokomezwa ndani ya potleti moja, ikatanuliwa hadi ikajaza ukurasa. Wenyewe hawakufaidi chochote cha potali, lakini walibeba mzigo wake wote: anwani ndefu zisizosomeka, seva inayochukua dakika kadhaa kuwaka, na utaratibu wa kutenganisha hatua ya kupokea kitendo cha mtumiaji na hatua ya kuchora ukurasa. Kiwango cha kwanza cha potleti za Java, JSR 168 cha mwaka 2003, hakikuwa hata na utaratibu wa potleti kupelekeana matukio, wala wa potleti kutoa faili moja kwa moja. Vyote viwili vilikuja na JSR 286 mwaka 2008. Ukirithi programu ya zamani, utakuta viraka vya kipindi kile.

Mradi wangu uliofuata ulikuwa na potleti saba za timu nne, na hapo potali ilijilipa. Likizo, matangazo, hati za mishahara, kila timu ikitoa toleo lake kwa wakati wake. Potleti ya saba ilipoingia, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa kumtambua mtumiaji.

Bado una shaka? Chukua skrini yako ngumu kuliko zote, ile yenye fomu ya hatua nyingi na kupakia faili, uijenge ndani ya potali kwa wiki moja. Usianze na ukurasa wa kukaribisha wageni, huo hupendeza popote. Timu moja niliyoishauri ilianza Jumatatu. Alhamisi jioni bado walikuwa wanapigana na kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari, na Ijumaa wakaiweka potali kando.