Kabla ya kununua mbwa chotara, ulizia mama yake

Shule zikikaribia kufungwa mwezi wa Novemba, simu yangu huanza kulia. Mmoja amehamia kwake Kitengela na anataka mbwa wa kulinda boma. Mwingine watoto wamemsumbua mpaka amekubali. Mwingine jirani yake ameibiwa. Wote huishia kwenye swali lile lile: nitapata wapi mtoto wa German Shepherd chotara, asiwe ghali kama wale halisi, lakini pia asiwe koko? Mimi huwajibu kwa swali, na wengine hukasirika kidogo: mama yake umemwona?

Nimefuga mbwa wa kununua na nimefuga wa kuchukua kituoni, na nikipata nafasi huenda kusaidia katika kituo kimoja cha mbwa waliotupwa hapa Nairobi. Huko watu hubishana sana kuhusu kununua na kuasili, na ubishi wote humzunguka yule mtoto wa mbwa mwenye macho ya huruma. Kwangu yeye ndiye mwenye shida ndogo, kwa sababu ameshapata wa kumchukua. Pesa yako inamhusu zaidi jike aliyebaki kule alikotolewa: ndiyo inayoamua kama atapumzishwa au atapandishwa tena.

Tuanze na wale wa kando ya barabara. Gari likipunguza mwendo tu, kijana anainua mmoja kwa mkono, wengine wanne wamelaliana ndani ya boksi la ndizi. "Madam, huyu babake ni mbwa wa polisi." Mbwa wa polisi wa nchi hii, kwa maelezo ya wauzaji, hawana muda wa kufanya kazi nyingine. Ukiuliza umri, utaambiwa miezi miwili. Basi mfungue mdomo. Kwa kawaida mtoto wa wiki nane ana meno yake yote 28 ya utotoni. Ukikuta ya mbele ndiyo kwanza yamechomoza na magego bado, huyo ameachishwa ziwa mapema. Tumbo lililojaa kama puto huku mbavu zinahesabika ni minyoo, wala si shibe. Tena zile wiki anazonyimwa na mama na ndugu zake ndizo anazojifunzia kwamba kuuma kunaumiza. Utakuja kuzilipia wewe, kwa vifundo vya miguu ya wanao.

Kadi ya chanjo nayo isome, usiishike tu. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza kutolewa mtoto akifika miezi mitatu hivi. Kadi inayodai mtoto wa wiki sita ameshachanjwa kichaa imeandikwa na mtu mwenye kalamu, si mwenye sindano. Na ukiambiwa "amechanjwa parvo, amemaliza", yaani ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, ujue hajamaliza. Kinga anayoipata kwenye maziwa ya mama huizuia chanjo kufanya kazi, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Parvo inakaa mwilini siku kadhaa kabla ya kujionyesha, kwa hiyo unaweza kununua mtoto mchangamfu Jumamosi na Alhamisi ukawa unapangusa kuhara kwa damu. Virusi vyake hudumu udongoni kwa miezi mingi, hivyo yule utakayemleta baadaye akakaa pale pale naye yumo hatarini.

Halafu kuna masikio. Watu hulipia masikio ya kusimama, ilhali ya German Shepherd mara nyingi hayasimami imara mpaka mbwa afikishe miezi kadhaa. Katika boksi yote yamelala. Unanunua ahadi.

Mwaka jana shemeji yangu alikubali ushauri wangu nusu nusu: atanunua, ila twende kwanza nyumbani kwa muuzaji. Tukaenda hadi Ruiru. Mzee mwenyewe alikuwa mstaarabu, alitukaribisha chai. Jike alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati, mnyororo mfupi kiasi kwamba alifika kwenye sufuria lakini kivulini hakufika. Chuchu zilikuwa zimevutika karibu ziguse chini, moja imevimba na kuwa nyekundu. Alikuwa analamba ukoko wa ugali uliokauka. Tulipomkaribia hakubweka, alinusa mkono wa shemeji, mkono uliokuwa umembeba mwanawe, akaanza kutikisa mkia.

"Hawa ndio wananilipia fees, dada," mzee akasema, bila kuulizwa.

Sikuwa na la kumjibu pale pale, na sidhani ni haki kumfanya yeye ndiye shetani wa hadithi hii. Lakini hesabu yake ni rahisi. Jike hupata joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63 hivi, wanunuzi hawaishi. Akiwa na wateja wa uhakika, kwa nini ampumzishe? Mteja wa uhakika ni shemeji yangu, na ni wewe.

Jambo hili halikuanzia Ruiru wala haliishii kwa maskini. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la mbwa wa kuongoza vipofu, alipandisha Labrador na Poodle kwa sababu mwanamke mmoja kipofu wa Hawaii alihitaji mbwa ambaye manyoya yake hayatamdhuru mumewe mwenye mzio. Walizaliwa watatu, na mmoja tu ndiye aliyefaa. Waliokuwa kwenye foleni ya kusubiri kulea watoto wa mbwa hawakuwataka hao, kwa kuwa ni machotara, mpaka alipowabandika jina la Labradoodle na vyombo vya habari vikatangaza. Tangu hapo dunia imejaa machotara wenye majina matamu na bei za kutisha, na Conron mwenyewe amesema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha. Hata kwake, ile mimba moja ilitoa mbwa mmoja aliyetakiwa. Anayekuhakikishia kwamba chotara wake atakuwa na akili ya huyu na utulivu wa yule anauza bahati nasibu. Damu kuchanganyika husaidia dhidi ya baadhi ya magonjwa ya kurithi, lakini wazazi wote wawili wakiwa na ugonjwa wa nyonga, mchanganyiko hautamwokoa mtoto.

Kwingineko sheria zimeanza kumtazama mama. England, tangu Aprili 2020, imekataza wachuuzi wa kati kuuza watoto wa mbwa wasiofikisha miezi sita. Mnunuzi anamwendea mfugaji mwenyewe na kumwona mtoto akiwa na mama yake, au anakwenda kituoni. Ufaransa imekataza maduka kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024. Hapa kwetu usisubiri sheria. Ukiambiwa "mama yake yuko ushago", washa gari uende.

Na huyu koko tunayemkwepa? Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, wakakuta wengi wao, wakiwemo wa Uganda, wana asili ya hapa hapa ya tangu zamani. German Shepherd kama aina ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899. Sasa nani ana ukoo? Mbwa wa kienyeji amechujwa na jua letu, kupe wetu na ugali wetu. Kwa kubweka usiku sijaona anayemshinda.

Vituoni wako tele. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama lililokuwepo tangu enzi za ukoloni, lenye makao barabara ya Lang'ata, na wako watu binafsi wanaowahifadhi pia. Usiende ukitarajia bure. Utalipa kiasi, na pesa hiyo inarudi kwenye chanjo na upasuaji wa kuwafunga uzazi. Utaulizwa maswali: una ua? Atafungwa mnyororo mchana kutwa? Mkisafiri Krismasi atabaki na nani? Pengine watakuja kuona boma. Wengi huudhika hapo. Mimi huwaambia kwamba yule wa boksi la ndizi hakukuuliza kitu, na hilo ndilo lilipaswa kukuudhi. Januari mimi hupigiwa simu za aina nyingine, za watu wanaotafuta wa kumpa mbwa wa Desemba.

"Mbwa mkubwa hatanizoea." Hili nalisikia kila siku. Kahawa, jike niliyemchukua kituoni, alikuja akiwa mtu mzima. Mwanzoni alijibanza nyuma ya tangi la maji, akawa anakula usiku tu tukishalala. Akimwona mtu ameshika ufagio, alijilaza na kujikojolea, na dada wa nyumbani akaanza kuuficha ufagio kabla ya kutoka nje. Kwa kweli ilichosha, na mwenye watoto wadogo au asiye na subira namshauri achague mwingine, kwa sababu wahudumu wanawajua mbwa wao mmoja mmoja na watakwambia yupi mwoga na yupi mpole. Leo Kahawa anaijua pikipiki ya kila bodaboda wa mtaa wetu, na ile ngeni haikaribii geti bila mimi kujua. Rafiki zangu wa Pwani hunikumbusha suala la mate na udhu. Kwao mbwa wa ulinzi ana banda lake nje na maisha yanaendelea, na kituoni hakuna anayekulazimisha umlaze sebuleni.

Je, kununua ni dhambi? Sisemi hivyo. Mfugaji anayekuonyesha mama aliyenenepa, anayekataa kukupa mtoto kabla ya wiki nane na anayesema "ukimshindwa nirudishie" hana neno kwangu, awe anauza halisi au chotara. Jirani ambaye jike wake alitoroka akarudi na mimba naye hana neno, mradi mimba hiyo iwe ya mwisho. Kwa hali kama hiyo kuna mpango ambao nimeshaufanya na nakushauri uujaribu. Mweleze jirani kwamba hutampa pesa za mtoto mkononi. Utazipeleka kwa daktari wa mifugo kumfunga jike uzazi, na zikipungua mtachangiana na watakaochukua hao wengine. Jirani yangu alinuna wiki nzima, kisha akaleta jike mwenyewe, akiwa amefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo. Nyuzi zilipotolewa, tukagawana watoto.