Kutazama Gofu Uwanjani: Tangulia Mkwaju Mmoja

Aliyezoea mpira wa miguu akifika kwenye mashindano ya gofu ya kulipwa hutafuta kiti atakachoonea mchezo wote. Kiti hicho hakipo. Mashimo (kila moja ni njia yake, tangu mpira unapoanza kupigwa hadi kitundu unamoingia) ni 18, yametapakaa kwenye kilomita saba hivi, na makundi mengi hucheza kwa wakati mmoja. Utaona kipande tu, basi kichague kabla hujaingia getini.

Kwanza siku. Mashindano mengi huchezwa Alhamisi hadi Jumapili, mashimo 18 kila siku. Siku mbili za mwanzo wachezaji wote wapo, kwa kawaida watatu watatu. Baada ya mashimo 36 kuna mchujo. The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, kwa mfano, hubakiza 70 wa juu pamoja na waliolingana na wa 70. Ukikata tiketi ya Jumamosi kwa ajili ya mchezaji mmoja, huenda utamkuta keshapanda ndege. Kwa mgeni, Alhamisi ni bora kuliko Jumapili.

Ukimfuata nyota, usitembee sambamba naye. Umati wote hufanya hivyo, ndiyo maana huambulia migongo. Anapopiga mkwaju wa kwanza wa shimo refu, wewe uwe umeshasimama kando ya kamba inayowazuia watazamaji, mita 270 hivi mbele, mpira unakotua. Akishapiga wa pili, elekea grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye kitundu, moja kwa moja. Ukifika hapo, ama uondoke kabla hawajaanza kulenga shimo, ama ubaki hadi wa mwisho amalize. Kutimka kwa sababu nyota amemaliza, huku mwenzake ameinamia mpira, ni utovu wa adabu. Vivuko vya kamba navyo hufungwa wachezaji wanapokaribia. Ukichelewa, utaanza kuhesabu visigino vya watu.

Miguu ikichoka, keti kwenye shimo fupi la mikwaju mitatu, yaani ambalo mchezaji hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju hiyo. Utaona mpira tangu unapopigwa hadi unapoingia, na makundi yote yatakupitia.

Pale mpira unapotua pana hatari. Una uzito wa karibu gramu 46 na huondoka kwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Katika Ryder Cup, pambano la timu za Ulaya na Marekani, la 2018 nchini Ufaransa, mtazamaji mmoja alipofuka jicho baada ya kupigwa na mpira. Ukisikia "Fore!", ukelele wa kuonya kwamba mpira unawajia watu, usiinue uso kuutafuta: inama, funika kichwa kwa mikono. Mpira uliosimama usiuguse, hata ukiwa miguuni pako. Ukiusogeza, mchezaji haadhibiwi, ila lazima urudishwe ulipokuwa, na wote watakungoja wewe.

Simu iwe kimya kabisa. Kwenye Masters, mashindano makubwa ya Augusta, Marekani, hairuhusiwi kuingia nayo, kwa hiyo soma orodha ya vilivyokatazwa mapema. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, si vipya. King'ora cha radi kikilia, ondoka chini ya miti na ukunje mwavuli. Jengo imara au gari ndiyo kinga.