Uso Wako Ubaki Ndani, Kitabu Kitoke

Mwandishi mwenye haya akilalamika kwamba vitabu vyake haviuziki, ushauri anaopewa ni mmoja tu: jitokeze. Jipige video, ingia mubashara, watu wakujue. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu, naandika hadithi, na nikielekezewa kamera ulimi wangu hufunga. Hata hivyo vitabu vyangu vinasomwa Malindi, Mombasa, Nairobi na ng'ambo, na wengi wa wanunuzi wamenipata kwa simu bila kuiona sura yangu. Ninaloamini ni kwamba msomaji hununua akishaonja. Basi kazi yetu mtandaoni ni kumwonjesha.

Tena kwetu hili si jambo geni. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utenzi mnamo 1858, na beti zake zimeenea hadi leo ingawa hakuna ajuaye alikuwa na sura gani. Tungo za Lamu zilighaniwa, baadaye zikarekodiwa kwenye kaseti zikapokezanwa nyumba kwa nyumba, na sasa zinapita WhatsApp. Sisi wa hadithi tunaweza kuifuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo anza na sauti. Soma kipande cha dakika moja hivi, urekodi, ukiweke kwenye stetasi au ukitume kundini. Nyumba zetu za mawe zina dari za juu na kuta nene, na ukirekodi sebuleni maneno yanarudi mwangwi. Mimi huingia chumba cha ndani chenye magodoro na nguo, nikatundika blanketi ukutani, simu nikaiegemeza kwenye mto usawa wa kidevu. Wakati mzuri ni usiku baada ya Isha, vichochoro vimetulia, au alfajiri kabla injini za boti hazijaanza. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Mwenye haya hukimbiza maneno ili amalize, na msikilizaji anaachwa nyuma.

Kipande chenyewe ukichague kwa makini, maana hapa ndipo penye kazi. Si lazima kiwe ukurasa wa kwanza. Tafuta mahali watu wawili wanazungumza na mmoja wao anaficha jambo, kwa sababu mazungumzo hushikika hata na mtu aliye jikoni anakuna nazi. Kata kabla jibu halijatoka. Kuna kipande changu ambacho mke anamuuliza mumewe ni nani aliyeipokea simu yake alipokuwa Mokowe huko bara, mume akanyamaza, nami nikakatia papo hapo. Usiku ule ujumbe uliingia mfululizo. Mmoja anamtetea mume, mwingine anaapa kwamba yule mke ameonewa, na walikuwemo watu ambao hawajawahi kuninunulia hata kitabu kimoja. Nikawajibu wote bila taabu, kwa kuwa hawakuwa wakinizungumza mimi. Walikuwa wakimzungumza yule mke, na juu yake mimi nina mengi ya kusema. Mwandishi mwenye haya akipewa nafasi ya kuwasemea wahusika wake huchangamka, na wasomaji huliona hilo.

Picha nazo zina faida yake. Saa kumi alasiri jua likipiga ukuta wa chokaa, weka kitabu juu ya baraza, ukikamate wazi kwa kidole gumba. Mkono ukionekana hadi kifundo unatosha, na kama una hina ni uzuri zaidi. Hakikisha anayeikuza picha anapata kusoma sentensi mbili kamili, maana jalada peke yake halimwambii mtu unaandika vipi. Video ya TikTok au Instagram inaweza kuwa hivyo hivyo: mkono unafunua kurasa, sauti inasoma. Wapita njia usiwaingize kwenye picha bila ruhusa, hasa akina mama na watoto. Wao pia wana haya zao.

WhatsApp ndiyo soko la kwanza kwa wengi wetu, kwa hiyo ijue vizuri. Stetasi hupotea baada ya saa 24. Ukiweka habari ya kitabu leo na ukaiweka tena wiki ijayo kwa kipande kingine, hujamsumbua mtu. Wengi hawakuiona ile ya kwanza. Orodha ya matangazo, ile iitwayo broadcast list, huchukua hadi watu 256, na kila mmoja hupokea ujumbe peke yake, bila zogo la kundi. Lakini humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila anayenunua mwombe aihifadhi. Kisha pakua WhatsApp Business, haina malipo. Ina sehemu ya kupanga vitabu vyako pamoja na picha na bei, na ina majibu unayoyaandika mapema ukayatuma kwa mguso mmoja. Mimi ndiyo iliyonitua mzigo mkubwa, kwa sababu lililokuwa likinitoa jasho ni kutaja pesa.

Bei iandikwe wazi. Ukiandika "njoo inboksi kwa bei," kumbuka kuna wasomaji wenye haya kama wewe, na hao hawatakuja. Jibu lako la mapema liseme bei ya kitabu, nauli ya kifurushi, namba ya kulipia kwa M-Pesa, na kitabu kitafikaje. Sisi wa kisiwani hili la mwisho lazima tulieleze: kifurushi kinavuka kwa boti hadi Mokowe, ndipo kinapanda basi la Malindi na Mombasa. Mtu wa Nairobi asipoambiwa atadhani umekula pesa yake. Piga picha ya risiti ya basi umtumie siku hiyo hiyo.

Ukiwa na ukurasa wa Facebook, unaweza kupanga machapisho yatoke yenyewe siku na saa unayotaka. Yaandike siku moyo umetulia. Ramadhani watu wako macho baada ya tarawehe, na wakati wa Maulidi au tamasha la utamaduni la Novemba, jina la Lamu liko midomoni mwa wengi. Hizo ni nyakati za kuonekana, na hutakuwa na haja ya kukaa na simu mkononi. Ukialikwa mazungumzo ya mubashara, una haki ya kuomba maswali yaje kwa maandishi. Nimeomba hivyo na nikakubaliwa kwa heshima. Asiyekubali, mshukuru na uendelee na kazi yako.

Wanunuzi wako ndio watakaokusemea, na husema vizuri zaidi wakiombwa jambo jepesi. Usiwaombe wajipige picha na kitabu. Waombe picha ya kitabu chenyewe kilipo: juu ya meza ya chai Kisauni, kwenye kiti cha matatu, kando ya dirisha la ghorofani Dubai. Halafu mwache msomaji amalize kwa nafasi yake. Akishamaliza, muulize swali moja tu kuhusu mhusika mmoja, kwa mfano kama angekuwa yeye angemsamehe yule mume. Jibu litakalokuja litakuwa na uzito kuliko tangazo lolote utakaloandika. Mwombe idhini ya kuliweka kwenye stetasi, na akikubali, liweke kama alivyolisema, bila jina lake.