Kiwanja cha ufukweni Mafia kwa bei ya kutupa: nilipe?

Swali: Wakili, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Mbagala. Bei za Zanzibar zimenishinda, sasa dalali ameniletea kiwanja Mafia, hatua 40 toka maji kwenda nchi kavu, kwa shilingi milioni 5. Ni ardhi ya kijiji. Muuzaji ana karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipe?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usitoe hata advansi.

Tuanze na hizo hatua 40. Hatua ya mtu mzima kwa kawaida haifiki mita moja, kwa hiyo kiwanja chenyewe hakifiki mita 40 kwenda juu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Kiwanja chote kimo humo! Hata ukimilikishwa, msingi wa nyumba huchimbi. Utabaki kupunga upepo. Mtu akienda kukagua, aende siku ya bamvua, maji yamejaa, apime kwa futi kamba kuanzia hapo. Madalali hupenda kuonyesha ufukwe maji yakiwa yametoka.

Muhuri nao haukusaidii. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, msimamizi wa ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji, si kitongoji, na wewe si mkazi. Dai muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mauzo. Mahakama zimeshabatilisha mauzo yaliyokosa idhini hiyo, mnunuzi akabaki na karatasi. Muuzaji kama ana mke, naye asaini.

Kuna na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ambayo imechukua eneo kubwa la kusini, Chole, Juani na Jibondo zikiwemo. Kiwanja kikiwa huko, ulizia kwanza ofisi ya hifadhi.

(Zanzibar ni habari nyingine kabisa: ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria nilizotaja hazifiki huko.)

Mimi ningepanda boti Nyamisati hadi Kilindoni, niingie ofisi ya ardhi ya wilaya, niulize viwanja vilivyopimwa, mbali kidogo na maji. Bahari utaifuata kwa miguu.