Harusi ya Desemba na selimundu

Pole, mdogo wangu. Umesema harusi ni Desemba hapa Kisumu, una selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na mwezi huu maumivu yamekulaza mara mbili. Nami ninayo, niliolewa nikiwa nayo.

Shida ni hivyo vikao vya kamati. Unakaa hadi saa nne usiku, tumboni una soda moja tu. Mwili ukikosa maji, seli nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, ndipo mifupa inapowaka. Mpe wifi yako daftari la michango akuwakilishe, wewe ulale. Binamu wakinuna, wanune.

Chupa ya maji isikuache, hata kwa fundi wa gauni. Akushonee na kikoti: mkipiga picha za jioni Dunga, upepo wa ziwa hauna huruma, na baridi huamsha maumivu. Hidroksiurea, dawa yako ya kupunguza maumivu hayo, usiiruke kwa sababu ya pilikapilika. Ila mkipanga mtoto, mwone daktari kwanza.

Na bwana harusi amepimwa? Akiwa mbebaji, yaani ana jeni moja ya selimundu bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 50 wa mtoto mwenye selimundu. Hilo liongeeni kabla ya kuagiza keki.